Chakula cha Mwanafunzi Ziwa Linapopumzishwa

Jina la Kigoma limefungamana na dagaa. Katika masoko ya Dar es Salaam mteja huwauliza dagaa hao kwa jina la mji wao, naye hukubali kulipa zaidi kuliko anavyolipia dagaa wa maziwa mengine. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na tangu zama hizo shehena za samaki wakavu zimekuwa zikiondoka ziwani kuelekea mashariki, zikifuata bei. Bei hiyo ni faida kwa mvuvi na mchuuzi. Lakini mtoto wa shule aliyezaliwa Kibirizi, Katonga au Ujiji, ambaye kila asubuhi hupita kando ya samaki walioanikwa mchangani, si lazima awe amewala. Chakula kinachozalishwa mahali fulani huliwa na mwenye fedha ya kukinunua, popote alipo.

Makala haya yanahusu mlo wa bure kwa watoto wa familia zenye kipato kidogo, na hasa swali moja ambalo katika mijadala ya shule halipewi uzito unaostahili: fedha za mlo huo zihesabiwe kwa siku zipi? Siku ambazo shule imefunguliwa, au siku ambazo mtoto ana njaa?

Sahani ya mwambao

Kabla ya kuzungumzia fedha, yafaa kwanza kujua kinachonunuliwa. Mlo wa kawaida wa mwambao wa Ziwa Tanganyika ni ugali wa muhogo, dagaa au migebuka, maharage ya nyanda za juu za Kasulu na Kibondo, na mawese. Mkemia akiupima mlo huo atakuta kwamba wazee walioupanga hawakukosea.

Muhogo ni wanga karibu mtupu. Hutoa nishati nyingi, lakini gramu 100 za unga wake zina protini ya gramu moja na nusu hadi mbili tu. Zaidi ya hayo, muhogo mchungu una kampaundi ambazo, seli za mmea zinapovunjika, hutoa sianidi, nayo ni sumu. Kulowekwa, kuchachushwa na kuanikwa juani huondoa sehemu kubwa ya sumu hiyo. Kiasi kidogo kinachosalia huondolewa na mwili wenyewe: kimeng'enya kilichomo katika ini huiunganisha sianidi na salfa, ikawa thiosianati, ambayo hutoka kwa mkojo. Salfa hiyo hupatikana katika asidi za amino zinazoitwa methionini na sisteini. Muhogo hauna za kutosha, na maharage nayo ni haba kwa asidi hizo. Samaki wanazo kwa wingi. Kwa hiyo dagaa wachache juu ya ugali wa muhogo ni zaidi ya kitoweo cha kuteremshia tonge.

Jambo hili lilidhihirika kwa uchungu wilayani Tarime mwaka 1985. Wakati wa ukame watu walikula muhogo mchungu ambao haukuandaliwa vya kutosha, pasipo chakula cha protini, na wengi wa waliopooza miguu kwa ugonjwa uitwao konzo walikuwa watoto na wanawake. Kupooza huko hakuponi.

Mawese nayo yana kazi yake. Rangi yake nyekundu ni ya karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Mpishi anayeyachoma mafuta hayo mpaka yakawa meupe huiharibu karotini, akabaki na nishati peke yake. Dagaa huliwa mzima na mifupa yake, hivyo humpa mtoto kalisi pamoja na madini ya chuma.

Chukua mlo wa mchana wa mtoto wa miaka kumi: unga wa muhogo gramu 120, maharage makavu gramu 40, dagaa wakavu gramu 15 na mawese gramu 10. Unga utatoa kilokalori 410 hivi, maharage 130, mawese 90 na dagaa 50. Jumla ni kilokalori 680, yaani theluthi moja ya mahitaji ya siku ya mtoto huyo, ambayo ni takriban 2,000. Kwa upande wa protini, unga hutoa gramu 2, maharage 9 na dagaa 9. Jumla ni gramu 20, karibu theluthi mbili ya mahitaji ya siku. Dagaa wakiondolewa, protini hushuka hadi gramu 11, na ile salfa iliyotajwa hupungua mno. Uzito wa dagaa hao 15 si hata moja ya kumi ya uzito wa vyakula vyote vilivyopimwa hapo.

Nani hulipa?

Swali hili lina historia ndefu nchini. Sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule iwe na shamba, na mahali ambapo shamba lilisimamiwa vema mavuno yake yaliingia katika sufuria ya wanafunzi. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilileta elimu ya msingi kwa wote, idadi ya wanafunzi ikapanda upesi kuliko mashamba yalivyoweza kupanuka. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoundwa mwaka 1973, ilikuwa na mengi ya kufundisha, ila sufuria haikujazwa kwa mafunzo.

Elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, ada ilifutwa na Serikali ikabeba chakula cha wanafunzi wa bweni, kwa kiwango cha shilingi 1,500 kwa mwanafunzi kwa siku. Chakula cha mwanafunzi wa kutwa kilibaki juu ya mzazi. Ruzuku ya uendeshaji kwa mwanafunzi wa shule ya msingi iliwekwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwaka, nayo ni ya vitabu, chaki, ukarabati na mitihani. Hata kama yote ingenunua chakula, ikigawanywa kwa siku 194 za masomo haifiki shilingi 52 kwa siku.

Halmashauri zimeagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa mwaka kwa ajili ya lishe ya kila mtoto aliye chini ya miaka mitano. Agizo hilo ni jema, kwa maana udumavu huanza mapema. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa umri huo wamedumaa. Lakini mtoto akitimiza miaka mitano hutoka katika hesabu hiyo, na mwaka unaofuata huingia darasa la kwanza, ambako hesabu ya chakula chake ni ya mzazi.

Basi hubaki michango. Katika shule nyingi wazazi hukubaliana kutoa unga, maharage au fedha. Kwa mzazi mwenye mshahara hilo si zito. Kwa mama anayeanika dagaa wa watu wengine kwa ujira wa siku, mchango wa watoto wanne ni mlima. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango ya lazima mashuleni, kwa sababu watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani. Marufuku ile iliwakinga watoto wasifukuzwe, lakini haikuweka kitu kingine ndani ya sufuria. Mchango ukiwa wa hiari, hutokea kwamba waliochangia hupanga foleni na wasiochangia hukaa chini ya mwembe. Hao wa chini ya mwembe ndio ambao mlo huo ungewafaa zaidi.

Siku 171

Mwongozo wa kitaifa wa chakula na lishe kwa wanafunzi, ulioandaliwa mwaka 2020, unasisitiza kwamba kila mwanafunzi apate walau mlo mmoja awapo shuleni. Neno la kuangaliwa hapo ni "awapo". Mwaka una siku 365. Zikitolewa 194 za masomo, zinasalia siku 171 ambazo hata shule yenye mpango bora wa chakula haiwashi moto. Nyingi ni Jumamosi na Jumapili. Nyingine ni likizo, na ndefu mojawapo huangukia mwezi wa Juni.

Kwa mkulima wa mahindi, Juni si mwezi mbaya. Aghalabu ghala lina kitu. Mwambaoni mambo ni tofauti. Desemba 2021 Tanzania, Burundi, Zambia na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo zilitia saini mkataba wa kulinda uvuvi wa ziwa hilo, na mwaka 2024 Tanzania ilisimamisha uvuvi ziwani kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana. Sababu za kisayansi zipo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2003 ulikadiria kwamba uzalishaji wa vijimea vya majini umeshuka kwa asilimia 20 hivi, jambo linaloashiria upungufu wa samaki wa karibu asilimia 30. Chanzo ni joto. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakakaa juu ya maji baridi kama mafuta juu ya mchuzi, na virutubisho vilivyoko vilindini havipandi juu kuwalisha vijimea, ambavyo ndivyo mwanzo wa chakula cha dagaa.

Kwa hiyo hakuna haja ya kubishana na kupumzishwa kwa ziwa. Linalohitaji kutazamwa ni kalenda. Juni 2024 ziwa lilikuwa limefungwa na shule nazo zimefungwa. Katika kaya ya kibarua wa mwaloni, kipato kilikatika, kitoweo kikaadimika, na uji wa shuleni, pale ulipokuwapo, ukakoma, vyote kwa mwezi ule ule. Ubongo wa mtoto hauna likizo. Hata mwili ukipumzika hutumia nishati nyingi, kwa kiwango kinachouzidi ubongo wa mtu mzima.

Nchi nyingine zimekwisha kukutana na tatizo la namna hii. Nchini Marekani sheria ya chakula cha mchana shuleni ilipitishwa mwaka 1946, lakini ilichukua miongo kadhaa kukubali kwamba mtoto maskini hula pia wakati wa likizo ya kiangazi. Majaribio yalianza mwaka 1968, na mwaka 1975 mpango wa chakula cha kiangazi ukawa wa kudumu, ukigharimiwa na serikali kuu na kutolewa hata katika viwanja vya michezo na makanisa. India iko karibu zaidi na hali ya Kigoma. Mwaka 2001 Mahakama Kuu Kabisa ya nchi hiyo iliamuru watoto wa shule za msingi za serikali wapewe mlo uliopikwa, na mwaka 2004 ikaamuru kwamba katika maeneo yenye ukame mlo huo uendelee hata wakati wa likizo. Mahakama ilitambua kwamba ukame haufuati mihula. Ziwa lililofungwa ni ukame wa aina yake, isipokuwa huu tarehe zake hujulikana mapema.

Kilo mia saba

Kujua tarehe mapema ni nusu ya kazi. Shule yenye watoto 500, kila mmoja akipewa gramu 15 za dagaa kwa siku zote 93 za kufungwa kwa ziwa, inahitaji kilo 697.5, yaani pungufu ya tani moja. Kwa mwezi wa Juni peke yake ni kilo 225. Unga ndio mzito: kilo 60 kwa siku. Lakini unga na maharage hupatikana Juni kwa bei ya kawaida. Dagaa ndio hupanda.

Dagaa hununuliwa kwa kufuata mwezi. Wavuvi huwavuta kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikiwaka taa hupoteza nguvu, mitumbwi ikabaki ufukweni. Mwaka 2024 mwezi ulikuwa mwandamo tarehe 8 Mei, hivyo giza la mwisho lilikuja juma moja tu kabla ya ziwa kufungwa. Anayenunua siku hizo hushindana na wachuuzi wote wa nchi. Anayenunua katika giza la Februari au Machi hupata nafuu, ila hukabiliwa na mvua za masika. Dagaa walioanikwa mchangani wakinyeshewa huoza au hupata ukungu, na wasipokauka sawasawa hawafiki Juni. Chanja za waya zilizoinuliwa juu ya ardhi, zenye kifuniko cha kuvutwa mvua inapotishia, hupunguza hasara hiyo sana. Baada ya kukauka wanahitaji chombo kisichopitisha hewa wala mwanga, maana mafuta yao yakikutana na oksijeni huchacha, hata kama nyama haijaoza.

Fedha za kununua tani hiyo pungufu zaweza kutoka wapi? Ushuru wa samaki hukusanywa mwaloni miezi yote ya uvuvi. Sehemu yake ikitengwa kabla ya Mei kwa ajili ya watoto wa mwambao, mlo wa miezi ya kufungwa utakuwa umelipiwa na ziwa lenyewe. Ni kweli kwamba halmashauri hiyo hiyo hupoteza mapato ziwa linapofungwa, na hilo ndilo sababu ya kutenga mapema badala ya kungoja Juni. Vijiji vya mbali, kama Mwamgongo upande wa kaskazini na Kalya kusini, vingehitaji akiba yao kufika kabla ya wakati.

Mahali pa kulia si tatizo kubwa. Majiko ya shule hayahami wakati wa likizo. Ujiji ina madrasa ambamo watoto hukusanyika mchana, baada ya masomo na hata siku za likizo. Makanisa nayo yapo. Jambo moja tu lisiachwe: mlo utolewe kwa kila mtoto anayefika. Kuwachambua walio maskini huokoa kilo chache za unga, lakini humtia mtoto alama machoni pa wenzake, na wengi huona heri njaa kuliko alama hiyo.

Zoezi la darasani

Mwalimu wa hisabati au wa kemia anaweza kuwapa wanafunzi kazi ifuatayo. Waende sokoni au mwaloni waulize bei ya kilo moja ya unga wa muhogo, maharage, dagaa na mawese, mara moja wakati wa giza na mara nyingine wakati wa mbalamwezi. Wakokotoe gharama ya sahani moja iliyoelezwa hapo juu kwa kila bei. Kisha wazidishe kwa idadi ya wanafunzi wa shule yao, kwanza kwa siku 194, halafu kwa siku 30 za Juni. Wagawanye jumla ya Juni kwa jumla ya siku 194, na jibu walipeleke kwa kamati ya shule kabla bajeti ya halmashauri haijapitishwa.