Udongo Uwahi Ungali Maji

Wazee wetu walitufundisha kwamba udongo huwahiwa ungali maji. Kila mzazi aijua methali hii, wala hapana abishaye. Lakini tukiuliza ni nani aufinyangaye udongo wa mtoto wa miaka mitatu au minne, majibu yatatofautiana. Mmoja atasema ni mama. Wa pili atasema ni mwalimu. Na wengine siku hizi watamtaja yule apokeaye karo. Leo twataka kulichungua jambo hili kwa kuwatazama Wayahudi, na kisha ndugu zetu Waislamu wa Unguja.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, katika sura ya 6, chawaagiza wazazi kuwafundisha watoto sheria ya Mungu nyumbani na safarini, asubuhi na usiku. Basi baba na mama ndio walimu wa kwanza. Lakini yatima afundishwe na nani? Mapokeo ya Wayahudi yasimulia kwamba, katika karne ya kwanza, Kuhani Mkuu Yoshua bin Gamla aliagiza kila mji uwe na walimu wa watoto, ili asiye na baba asikose elimu. Katika zama za kati huko Ulaya, mtoto aliyeanza kusoma alilambishwa asali iliyopakwa juu ya herufi, apate kujua kuwa elimu ni tamu.

Hata leo masinagogi mengi ya Marekani na kwingineko yana shule za watoto wadogo. Siku ya Ijumaa watoto hukanda mkate wa Sabato, huimba nyimbo za kuikaribisha siku hiyo, na hutia sarafu katika kisanduku cha maskini. Mtoto hajaweza kuisoma Torati, lakini mikono yake imekwisha kuizoea.

Unguja hakuna sinagogi, lakini hekima hiyo ipo. Apitaye vichochoroni mwa Mji Mkongwe husikia sauti za watoto chuoni, wakikariri herufi za Kiarabu na sura za Kurani. Wakati wa ukoloni wazazi wengi walisita kuwapeleka watoto wao katika shule za serikali, wakiogopa kwamba mtoto ataipata elimu ya dunia na kuipoteza dini. Hofu hiyo haikuwa ya kipuuzi. Hata hivyo, mtoto aliyechelewa kuingia shuleni alibaki nyuma ya wenzake.

Mafundo haya mawili yalifunguliwa pamoja. Mwaka 1982 viongozi wa Waislamu wa pwani ya Kenya walimwomba Aga Khan msaada kwa ajili ya elimu ya watoto wao. Mwaka 1986 shule ya awali ya madrasa ilianzishwa Mombasa, chini ya uongozi wa Bi Swafiya Said. Kazi hiyo ilifika Zanzibar mwaka 1990, na Uganda mwaka 1993. Wanakijiji wenyewe huomba shule, huunda kamati, hutoa jengo, na huchagua wanawake wa papo hapo wafunzwe ualimu. Vifaa vya kuchezea hutengenezwa kwa vifuu vya nazi, mbegu, makopo na vitambaa. Watoto hucheza, huhesabu, huimba kwa Kiswahili, na pia hufundishwa dua na adabu za dini yao. Mwaka 2006 sera ya elimu ya Zanzibar iliiweka elimu ya maandalizi ndani ya elimu ya lazima.

Ni somo gani kwetu? Kwanza, mchezo wa mtoto si kupoteza wakati. Ndiyo kazi yake, na kwa njia hiyo hujifunza. Pili, shule njema haiji kama mvua kutoka mbinguni. Hujengwa na wazazi wanaokutana, wanaochanga, na wanaomjua mwalimu wa watoto wao. Tatu, mwalimu humsaidia mzazi, lakini hawezi kuwa badala yake. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, mwaka 1965, ulitamka wazi kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza. Anayelipa karo ya shule ya Kiingereza, kisha hasali na mtoto wake hata mara moja kwa juma, amenunua nusu ya malezi.

Familia za Kikatoliki za Unguja, zinazokusanyika katika Kanisa la Minara Miwili na kwingineko, ni chache katikati ya wengi. Wao wajua kwamba imani isiyofundishwa nyumbani haitafundishwa na mtaa. Sisi wa bara, tuishio penye makanisa mengi, huenda tumesahau.

Bwana wetu mwenyewe alikuwa mtoto wa Kiyahudi. Kabla hajasimama katika sinagogi la Nazareti, alikuwa amelelewa katika nyumba ya Maria na Yosefu. Basi usiku huu, kabla taa haijazimwa, kila mzazi na ajiulize: mtoto wangu amejifunza nini leo kutoka kwangu?