Onitsha, Mji wa Soko Kando ya Mto Niger

Miji mingine hujengwa kwa amri ya mfalme, na mingine huzaliwa penye madini. Mji wa Onitsha, ulioko kusini-mashariki ya Nigeria, ulikuzwa na soko. Atakaye kujua jinsi mji wa Kiafrika uwezavyo kukua kwa juhudi za wachuuzi wake, kuteketea, kisha kusimama tena, na aisome habari hii kwa makini.

MAHALI PENYEWE

Mto Niger ni wa tatu kwa urefu katika Afrika, baada ya Nile na Kongo. Urefu wake ni kilometa 4,180 hivi. Huanza katika milima ya Guinea, huelekea kaskazini mpaka kulikaribia jangwa la Sahara, kisha hupinda na kushuka kusini hata baharini. Onitsha uko ukingo wa mashariki wa mto huo, na ng'ambo ya pili ni mji wa Asaba.

Tangu zamani bidhaa za pande nyingi zilikutana hapo. Mitumbwi iliyotoka upande wa bahari ilileta chumvi na vitu vya kigeni. Iliyoshuka kutoka nchi ya Waigala ilileta samaki na mazao ya kaskazini. Kutoka bara walikuja wakulima na viazi vikuu na mafuta ya mawese, na wahunzi wa Awka na majembe na visu vyao. Kila mmoja alikuwa na kitu asichokuwa nacho mwenziwe, na hiyo ndiyo asili ya kila soko.

Wenyeji ni Waigbo. Mapokeo ya wazee yasema kwamba baadhi ya mababu zao walitoka upande wa magharibi, penye ufalme wa Benin, wakavuka mto na kukaa. Mfalme wao huitwa Obi. Juma la Waigbo lina siku nne, nazo ni Eke, Oye, Afo na Nkwo, na kila soko lina siku yake. Kwa hiyo mchuuzi aliweza kutoka soko moja kwenda jingine bila ya masoko hayo kugongana.

Zamani soko lilikuwa mikononi mwa wanawake. Mkuu wao aliitwa Omu, naye pamoja na baraza lake aliweka sheria za soko, akaamua ugomvi na kutoza faini. Cheo hicho kilikoma Onitsha mwishoni mwa karne ya 19, lakini wanawake hawakuacha kuuza na kununua.

WAGENI WA MTONI

Mwaka 1830 ndugu wawili Waingereza, Richard na John Lander, waliufuata mto mpaka baharini, na watu wa Ulaya wakajua mwisho wake uko wapi. Wengine walikuja mwaka 1841 kwa merikebu za moshi, lakini wengi wao wakafa kwa homa ya malaria. Mwaka 1854 daktari William Baikie alipanda mto akiwapa watu wake dawa ya kwinini, wala hapana hata mmoja aliyekufa kwa homa. Tangu hapo njia ya mto ilikuwa wazi.

Mwaka 1857 wafanya biashara walianzisha kituo Onitsha, na wamisionari wakafika pamoja nao. Wamisionari hao waliongozwa na Mwafrika, Samuel Ajayi Crowther, ambaye ujanani alitekwa utumwani akakombolewa. Aliyeachwa kuisimamia misheni ya Onitsha alikuwa John Christopher Taylor, mzaliwa wa Sierra Leone, ambaye wazazi wake walikuwa Waigbo waliokombolewa utumwani.

Bidhaa iliyotakwa zaidi na wageni ilikuwa mawese. Viwanda vya Uingereza viliyatumia kutengenezea sabuni na mishumaa, na kulainishia mashine. Biashara ilileta faida, tena ilileta ugomvi. Mwaka 1879 manowari ya Kiingereza iliupiga mji kwa mizinga. Mwaka 1886 kampuni ya Royal Niger ilipewa hati ya kutawala sehemu za mto, na mwaka 1900 utawala ukachukuliwa na Serikali ya Uingereza yenyewe.

SHULE NA VITABU VYA SOKONI

Misheni zilijenga shule, miongoni mwake shule ya sekondari ya Dennis Memorial mwaka 1925 na ile ya Christ the King mwaka 1933. Vijana wengi wakajua kusoma, na wachuuzi wakaona kwamba maneno nayo yaweza kuuzwa. Baada ya Vita Kuu ya Pili wenye mashine za kupiga chapa walianza kutoa vijitabu vyembamba vya bei ndogo: hadithi za mapenzi, michezo ya kuigiza, mashauri ya kuandika barua na ya kutunza fedha. Waandishi wengi walikuwa walimu, makarani na wanafunzi. Wataalamu sasa huvichunguza vijitabu hivyo katika vyuo vikuu vya nchi nyingi, ingawa viliandikwa kwa ajili ya msomaji wa kawaida aliyepita sokoni.

MWANAGENZI NA TAJIRI WAKE

Siri ya nguvu ya soko hilo ni desturi ambayo Waigbo huiita igba-boi. Kijana hupelekwa kwa mfanya biashara, akakaa kwake na kumtumikia miaka mitano, sita au saba. Hapati mshahara, bali hupewa chakula na malazi, naye hujifunza kupokea wateja, kujua bidhaa njema na mbovu, na kuweka hesabu. Muda ukiisha, tajiri wake humpa rasilmali ya kuanzia duka lake mwenyewe. Baadaye kijana huyo naye huchukua wanagenzi wake.

Desturi hii ina kasoro zake. Yuko tajiri asiyetimiza ahadi, akamfukuza kijana mwaka wa mwisho kwa kisingizio. Yuko na kijana anayeiba akakimbia. Kwa hiyo mapatano hufanywa mbele ya jamaa wa pande zote mbili, ili ahadi iwe na mashahidi.

MOTO WA VITA

Katika miaka ya 1950 soko kuu lilijengwa upya kwa mawe na saruji, na mwaka 1965 daraja la kuvuka mto mpaka Asaba lilimalizika. Lakini mwaka 1967 sehemu ya mashariki ilijitenga na Nigeria, ikajiita Biafra, na vita vikaanza. Tanzania ilikuwa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, Aprili 1968. Katika vita hivyo majeshi ya Biafra yalilivunja daraja yalipokuwa yakirudi nyuma, soko likateketezwa, na watu wakakimbilia vijijini.

Vita vilikwisha Januari 1970. Waliokuwa na akiba katika benki walirudi wakiwa na tumaini, nao wakaambiwa kwamba kila mmoja atapata pauni 20 tu, hata kama aliweka mamia. Wahenga walisema, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Watu hawa walikuwa na daftari, na mali ikapotea vile vile. Kilichosalia ni ujuzi, na neno la mtu lililoaminiwa na wenziwe. Aliyepata shehena ndogo alimgawia jirani yake kwa mkopo. Tajiri aliyefilisika alisaidiwa na aliyekuwa mwanagenzi wake. Hivyo mabanda yakasimama, kisha maduka.

HALI YA SIKU HIZI

Leo soko la Onitsha ni mojawapo ya masoko makubwa kabisa ya Afrika ya Magharibi, na daraja la pili lilifunguliwa mwaka 2023. Lakini mji umekua upesi kuliko barabara na mifereji yake. Mwaka 2016 orodha ya Shirika la Afya Ulimwenguni ilionyesha kwamba hewa ya Onitsha ilikuwa na vumbi kupita miji yote iliyopimwa. Oktoba 2019 gari la kubebea petroli lilianguka na kuwaka, watu wakafa, na maduka ya soko la Ochanja yakaungua. Watu walilalamika sana kwamba wazima moto walichelewa.

Hapa pana mafunzo mawili. Kwanza, soko si kuta na mabati, bali ni uaminifu kati ya watu, na uaminifu hauungui. Pili, uaminifu peke yake hauzimi moto wala hauzoi taka. Wachuuzi wa Onitsha wameujenga mji mara mbili kwa mikono yao. Kazi ya barabara, maji na usafi yahitaji kodi inayolipwa kwa haki na kutumiwa kwa haki, maana hiyo haiwezi kufanywa na mwenye duka mmoja mmoja.