Ardhi Kwanza, Nyumba Baadaye: Kuanza Kuwekeza katika Nyumba za Kupangisha Kitale na Bungoma

Uwekezaji katika nyumba za kupangisha, yaani kumiliki makazi ili yalete kodi kila mwezi, huonekana na wengi kuwa suala la mawe, saruji na mabati. Hata hivyo, mwekezaji anayeanza Kitale au Bungoma hukabiliwa kwanza na hatari ya hati ya ardhi, na hatari hiyo haifanani katika miji hii miwili kwa kuwa kila mmoja umerithi historia yake.

Kitale, makao makuu ya Kaunti ya Trans Nzoia, imezungukwa na ardhi iliyokuwa mashamba ya walowezi, ambayo baadhi yake yalinunuliwa baada ya uhuru wa 1963 na vyama vya ushirika na kampuni za wanahisa. Kwa sababu hiyo, ploti inayouzwa pembezoni mwa mji huenda ikawa na cheti cha hisa pekee, ambacho huthibitisha uanachama wa mtu katika kampuni lakini si hati miliki ya kipande alichoonyeshwa mnunuzi. Palipo na cheti hicho tu, ni muhimu kuthibitisha kwamba shamba zima limepimwa, limegawanywa rasmi na kila kipande kimepewa nambari yake.

Bungoma, kwa upande wake, ardhi nyingi ni ya kifamilia, na si ajabu kukuta hati ikiwa bado kwa jina la baba au babu aliyekwisha kufariki. Sheria ya Urithi, katika kifungu cha 45, humkataza mtu yeyote kuuza mali ya marehemu kabla ya mahakama kutoa idhini ya usimamizi wa mirathi. Hivyo basi, makubaliano na mwana mmoja mbele ya mzee wa mtaa, hata yakiwa na mashahidi kumi, hayampi mnunuzi umiliki.

Katika miji yote miwili, hatua ya kwanza ni upekuzi rasmi katika sajili ya ardhi, unaoonyesha mmiliki pamoja na mikopo au vizuizi vilivyowekwa juu ya hati, kisha mpimaji aliyesajiliwa athibitishe mipaka. Ikiwa ardhi ni ya kilimo, maombi ya idhini ya Bodi ya Udhibiti wa Ardhi huwasilishwa ndani ya miezi 6 tangu mkataba kutiwa sahihi, na idhini ikikosekana sheria huuhesabu mkataba kuwa batili. Muuzaji akiwa ameoa au ameolewa, ridhaa ya mwenzi wake huhitajika pale mali inapokuwa ya ndoa.

Baada ya ardhi huja hesabu ya wapangaji. Vyumba karibu na Chuo Kikuu cha Kibabii huko Bungoma, kilichopata hati ya kujitegemea 2015, hutegemea wanafunzi wanaoondoka wakati wa likizo, ilhali mpangaji mwenye ajira mjini hukaa mwaka mzima. Kwa mfano, vyumba 10 vya shilingi 3,000 huleta 360,000 kwa mwaka vikijaa daima, lakini vikikaa vitupu miezi 3 huleta 270,000, na mkopo wa benki hausubiri muhula ufunguliwe.

Mapato ya kodi ya nyumba za makazi yanayozidi shilingi 288,000 na kutopita milioni 15 kwa mwaka hutozwa ushuru wa asilimia 7.5, kiwango kilichoanza Januari 2024, nao hulipwa kabla au ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Ushuru huo hukatwa kwenye mapato ghafi, yaani kabla ya kuondoa gharama za ukarabati au riba, kwa hiyo vyumba 10 vilivyojaa hudaiwa shilingi 2,250 kila mwezi hata paa likiwa limevuja na kutengenezwa mwezi huohuo.

Mwekezaji mwenye mtaji mdogo hufaidika zaidi akianza na vyumba vichache juu ya hati isiyo na shaka, kwa maana chumba kinaweza kuongezwa mwaka hadi mwaka, ilhali jengo zuri juu ya ardhi yenye mgogoro humtajirisha wakili kabla ya mwenyewe.