Kambi za Kutwa za Mazingira kwa Watoto: Maswali ya Wazazi Likizo Inapokaribia

Shule zikikaribia kufungwa, mwezi Juni na tena Desemba, matangazo ya kambi za watoto huanza kusambaa jijini Dar es Salaam, kuanzia Bunju na Tegeta hadi Mbagala na Chamazi. Nyingi hutaja misitu, bahari, ndege na bustani. Haya ni majibu ya maswali ambayo wazazi na walezi huuliza zaidi.

Kambi ya kutwa ni nini hasa?

Ni shughuli ya likizo ambayo mtoto huiendea asubuhi na kurudi kulala kwao jioni. Haifanani na bweni, wala si kambi ya masomo ya ziada inayomrudisha mtoto kwenye hesabu na mitihani. Kambi ya mazingira humfundisha kwa kutazama, kushika na kuuliza: mti huu unaitwaje, kaa anaishi wapi, taka zetu huishia wapi.

Si mambo ya kuiga tu, tena ya wenye nacho?

Wasiwasi huo unaeleweka, kwa sababu ada za baadhi ya kambi ni kubwa. Lakini elimu hii ina mizizi hapa nyumbani. Klabu za Malihai zimekuwa zikiwafundisha wanafunzi wa Tanzania kuhusu wanyamapori na mazingira tangu mwaka 1980, na Roots & Shoots, mtandao wa vijana ulioenea katika nchi nyingi duniani, ulianzia Dar es Salaam mwaka 1991 kwa wanafunzi 12 waliokutana na mtafiti wa sokwe Jane Goodall. Hata leo walimu wawili wa mtaa, kitalu cha miche na matembezi ya kutazama mikoko ya Mtoni Kijichi vinatosha kuwa kambi nzuri.

Watoto hupelekwa wapi, na nani hutoa ruhusa?

Inategemea eneo. Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, upande wa Kisarawe, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu (TFS). Pori la Akiba Pande, karibu na Mabwepande, liko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori (TAWA). Visiwa vya Mbudya na Bongoyo ni maeneo tengefu ya bahari, yaani sehemu zilizolindwa kisheria ili samaki na matumbawe wasiharibiwe. Mwendeshaji anapaswa kupanga ziara na mamlaka husika mapema na kulipia viingilio. Akisema "tutaingia tu, najuana na walinzi", hiyo ni sababu tosha ya kumkatalia.

Nimesikia Pande ni msitu wa mauaji. Nimpeleke mwanangu huko?

Hofu hii ina chanzo cha kweli. Mwaka 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva teksi waliuawa huko, na jina la Pande likabaki na doa. Leo ni pori lenye askari wa wanyamapori na hupokea wageni, ila watoto waingie kwa kibali na wakiongozwa na askari, si kwa njia za panya. Pande na Pugu pia ni miongoni mwa misitu michache anamoishi komba wa Rondo, mnyama mdogo aliye hatarini kutoweka. Watoto wasiahidiwe kumwona, kwani hutoka usiku.

Kambi inatakiwa kusajiliwa?

Anayepokea watoto wadogo mchana kwa mfululizo anaendesha kituo cha kulelea watoto mchana. Chini ya Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kituo hicho lazima kisajiliwe na Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Kwa kambi ya wiki moja au mbili, omba kuona usajili wa taasisi au leseni ya biashara, kisha pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama mtendaji anaifahamu. Ukilipa, dai risiti.

Nina haki ya kuuliza nini kabla ya kulipa?

Una haki ya kuuliza kila kitu, na mwendeshaji makini hatakasirika. Wengi wetu huuliza bei na rangi ya fulana tukaishia hapo. Uliza kwanza nani atakaa na watoto, ametoka wapi, na nani anamdhamini. Uliza mlezi mmoja anaangalia watoto wangapi. Ufukweni tunashauri wasizidi watano. Uliza mtoto anapelekwa chooni na nani, nani anajua huduma ya kwanza, kituo cha afya cha karibu ni kipi, na nani anaruhusiwa kumchukua mtoto jioni. Jina la mchukuaji liandikwe, na asiyeandikwa asikabidhiwe mtoto hata akijitambulisha kuwa ni mjomba. Nawe mzazi useme ukweli kuhusu pumu, kifafa, selimundu au mzio, yaani mwili kukataa chakula au dawa fulani.

Mtoto mwenye ulemavu anaweza kukataliwa?

Sheria ya Mtoto inakataza ubaguzi, ukiwemo wa ulemavu, na inamtaka mzazi kumpa mtoto nafasi ya kucheza na kupumzika. Kaeni na mwendeshaji mpange mapema msaada utakaohitajika. Mtoto mwenye ualbino avae kofia pana na mikono mirefu, apakwe losheni ya kuzuia jua, na asiachwe bila mlezi hata kidogo.

Safari za baharini ni salama?

Zinaweza kuwa salama, kwa masharti. Mwezi Juni upepo wa kusi huvuma na bahari huchafuka, hivyo utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa usikilizwe siku hiyohiyo. Kila mtoto avae jaketi okozi, yaani koti linaloelea, linalomtosha. Kuyarundika majaketi chini ya viti vya boti hakumsaidii mtu. Wanaotembea kwenye miamba maji yakipwa wavae viatu kwa sababu ya miiba ya mashale, na warudi kabla maji hayajaanza kujaa. Kwa kambi za Desemba, mvua kubwa ikitabiriwa safari iahirishwe, hasa penye mito ya kuvuka.

Mtoto akiumwa na nyoka, jiwe jeusi linasaidia?

Jiwe hilo hutumiwa na watu wengi kwa nia njema, lakini halivuti sumu. Usichanje, usinyonye, usifunge kamba kwa kukaza. Mtulize mtoto, kiungo kilichoumwa kisichezechezwe, na apelekwe hospitali mara moja.

Na mbu wa msituni?

Mbu wa malaria huuma zaidi kuanzia jioni hadi alfajiri, kwa hiyo chandarua cha nyumbani ndicho kinga kubwa. Mbu wa homa ya denge, iliyolikumba jiji mwaka 2014 na 2019, huuma mchana, na huzaliana hata kwenye ndoo na matairi ya uani. Nguo ndefu na dawa ya kupaka humkinga mtoto kokote aliko.

Wanaruhusiwa kumpiga picha na kuirusha mtandaoni?

Waombe idhini yako kwanza. Picha ya mtoto inayomtambulisha ni taarifa yake binafsi, na ipo sheria ya mwaka 2022 ya kuzilinda taarifa hizo. Unaweza kukubali kambi ukakataa picha.

Na usafiri?

Kila mtoto awe na kiti chake, na mlezi awemo garini zaidi ya dereva. Asipelekwe kwa bodaboda, sembuse mishikaki, yaani kupakiwa watu kadhaa kwenye pikipiki moja.

Nikihisi jambo baya limetokea?

Msikilize mtoto bila kumkaripia, na usimalizane na mhusika kwa siri. Sheria ya Mtoto inamtaka kila mwanajamii anayejua haki ya mtoto inavunjwa atoe taarifa kwa mamlaka ya serikali za mitaa. Unaweza pia kwenda kwa afisa ustawi wa jamii au Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure, na mtoto mwenyewe anaweza kuipiga. Mfundishe namba hiyo kabla ya siku ya kwanza ya kambi.