Nafasi ya tovuti kwenye utafutaji: kwa nini hupanda na kushuka

Tarehe 26 Januari 2011 kampuni ya Demand Media ya Marekani iliingia katika Soko la Hisa la New York. Hisa zilitolewa kwa dola 17, na siku hiyo hiyo zikafunga kwa zaidi ya dola 22. Thamani yake sokoni iliipita ile ya kampuni inayochapisha gazeti la New York Times. Biashara yenyewe ilikuwa rahisi kueleza: makala za namna ya kufanya hili na lile, zikiandikwa kwa maelfu kwa malipo madogo, na kukutwa na watu wanaotafuta jambo kupitia Google.

Mwezi uliofuata Google ilibadili kanuni zake za kupanga matokeo, mabadiliko yaliyokuja kujulikana kwa jina la Panda. Yaligusa karibu asilimia 12 ya utafutaji wote nchini Marekani. Awamu ya kwanza haikuiumiza eHow, tovuti kubwa ya Demand Media. Awamu ya pili, mwezi Aprili, iliiumiza. Mwaka ulipokwisha, hisa ilikuwa chini ya nusu ya bei iliyotolewa. Aliyenunua siku ya kwanza hakuibiwa, kwa sababu waraka wa matarajio ulisema wazi kwamba kampuni inategemea injini za utafutaji na kwamba zaidi ya robo ya mapato yake yanapitia Google. Inaelekea wengi hawakufika kwenye kurasa hizo.

Wasomaji wetu wenye maduka, mawakala wa utalii na wauza vipuri wanaotangaza kwa tovuti huuliza jambo hilo kwa kiwango kidogo: jana nilikuwa wa tatu, leo ni wa tisa, nimekosa nini? Mara nyingi hukukosa kitu. Nafasi ni hukumu inayotolewa upya kila mtu anapouliza, na anayehukumu ni programu inayolinganisha ukurasa wako na kurasa za wenzako kwa wakati huo.

Kazi ya injini ya utafutaji ina hatua tatu. Kwanza programu zake hupita tovuti moja baada ya nyingine na kusoma kurasa. Pili, kilichosomwa huwekwa katika faharasa, kama daftari kubwa la ghala. Tatu, mtu akiuliza, kurasa hutolewa katika faharasa hiyo na kupangwa kwa vigezo vingi: maneno yaliyomo, tovuti nyingine zinazoelekeza kwako, upya wa habari, mahali alipo muulizaji. Hatua zote tatu huweza kuleta mtikisiko.

Hadi katikati ya mwaka 2003 Google ilikuwa ikibadili faharasa yake takriban mara moja kwa mwezi. Kwa siku kadhaa kompyuta za kituo kimoja zilikuwa na daftari jipya na za kingine la zamani, hivyo mtu aliweza kuuliza mara mbili akapata majibu mawili. Wenye tovuti waliita kipindi hicho ngoma ya Google. Sasa faharasa hubadilika mfululizo, kwa hiyo ngoma haina tarehe. Kwa hesabu za Google yenyewe, mwaka 2022 ilifanya mabadiliko zaidi ya 4,000 katika utafutaji wake, mengi yakiwa madogo mno kuonekana.

Hapa ndipo mfano wa soko la hisa unapokoma. Bei ya hisa ya TBL katika Soko la Hisa la Dar es Salaam ni moja kwa aliyeko Tanga na aliyeko Mbeya. Nafasi ya tovuti si hivyo. Anayetafuta gereji akiwa Kariakoo na anayetafuta akiwa Arusha huonyeshwa orodha tofauti, na simu yako mwenyewe haitoi picha ya anachokiona mteja. Kujitafuta kila asubuhi ni kujisumbua bure.

Kipimo cha kuaminika zaidi ni Search Console, ambayo Google huitoa bila malipo kwa mwenye tovuti. Hata hiyo inataka kusomwa kwa makini. Tuseme ukurasa wako ulionekana mara 100 kwa neno moja ukiwa nafasi ya 3. Mwezi huu umeanza kuonekana pia mara 100 kwa neno jingine, nafasi ya 25. Wastani wako umetoka 3 hadi 14, na hujapoteza mteja hata mmoja! Kwa hiyo angalia neno kwa neno, kisha angalia idadi ya waliobofya. Kama nafasi ni ile ile na waliobofya wamepungua, huenda ni msimu tu: wanaotafuta sare za shule Januari hawawi wengi hivyo mwezi Mei.

Kushuka kunakohitaji hofu ni kwa aina mbili. Ya kwanza ni mabadiliko makubwa ya kanuni, ambayo Google huyatangaza mara chache kwa mwaka. Yale ya Machi 2024 yalichukua siku 45 kukamilika. Mwaka 2003, mwezi Novemba, mabadiliko yaliyoitwa Florida yaliwashusha wauzaji wengi wadogo wa Marekani wiki chache kabla ya Krismasi, wakiwa tayari wamejaza ghala. Wengine walikuwa wamerundika maneno kwa hila kwenye kurasa zao, wengine walipigwa bila hatia. Ushauri wa Google ni kungoja mabadiliko yamalizike, kisha wiki nzima zaidi, ndipo ulinganishe takwimu. Anayerekebisha katikati hajui kilichomshusha wala kilichompandisha.

Aina ya pili ni adhabu. Februari 2013, Interflora ya Uingereza, wauza maua, ilitoweka hata kwa anayetafuta jina lake yenyewe. Magazeti mengi ya mikoani yalikuwa yamechapisha matangazo yenye viunganishi vya kuelekea kwake, na Google huhesabu viunganishi vya kulipiwa kuwa ulaghai. Ilirudi baada ya siku 11 hivi, kabla ya Siku ya Mama ya Uingereza, sikukuu ambayo wakulima wa maua wa Naivasha wanaijua sana. Kampuni kubwa hupona haraka. Mwenye duka moja huenda akangoja miezi.

Kwa sababu hiyo, mtu anayekuahidi nafasi ya kwanza kwa ada ya kila mwezi mwulize atafanya nini hasa. Akitaja kununua viunganishi, usilipe. Google imeandika kwamba hakuna anayeweza kuhakikisha nafasi ya kwanza.

Mwenye fedha za kuwekeza naye ana swali lake: wateja wa kampuni hii huja wenyewe kwa jina lake, au huletwa na utafutaji? Tangu Mei 2024 Google imekuwa ikiweka majibu ya akili bandia juu ya orodha nchini Marekani, baadaye na kwingineko, hivyo hata aliye wa kwanza anaweza kukosa mgeni. Februari 2025 kampuni ya Chegg, inayouza msaada wa masomo kwa wanafunzi, iliishitaki Google kwa jambo hilo.