Kutia Picha Ndani ya Barua Pepe: Somo kwa Makatibu wa Matawi



Somo letu la leo ni dogo kwa kulitazama, lakini tawi letu liliwahi kuponzwa nalo. Ni juu ya kutia picha ndani ya barua pepe yenyewe, yaani picha ikae katikati ya maandishi, isining'inie chini kama kiambatisho.

Mwaka jana tulimwandikia mwajiri juu ya mashine tatu ambazo kinga za mikanda yake zilikuwa zimeondolewa. Barua niliiandika mimi. Nilieleza yote kwa urefu, kisha nikaambatisha picha tatu, kila moja ikiwa na jina la tarakimu ambalo simu huipa picha. Baada ya siku nne jibu likaja: ni mashine zipi, na ziko upande gani wa karakana? Maneno yalikuwapo na picha zilikuwapo, lakini msomaji hakuweza kujua ipi ni ya wapi. Wakati huo wenzetu wanaendelea kufanya kazi kando ya mikanda iliyo wazi.

Barua ya pili tuliipanga namna nyingine. Tuliandika: "Mashine ya kwanza, karibu na mlango wa ghala, kinga imetolewa upande wa kushoto." Papo hapo chini ya maneno hayo tukaweka picha yake. Kisha mashine ya pili vivyo hivyo, na ya tatu. Kesho yake fundi alikuja bila kuuliza swali.

Namna ya kufanya ni hii. Anza kwa kuandika maneno. Halafu weka alama ya kuandikia pale unapotaka picha ikae, ubonyeze kitufe chenye mchoro wa picha. Katika Gmail kwenye kompyuta utaulizwa kama picha iwe ndani ya maandishi au iwe kiambatisho. Chagua ndani ya maandishi. Unaweza pia kuinakili picha kutoka mahali pengine na kuibandika. Ikiwa inakataa, tazama kama barua yako haikuwekwa katika hali ya maandishi matupu, maana hali hiyo haipokei picha ndani yake.

Kwa nini mambo haya yana ukaidi? Barua pepe haikuundwa kwa ajili ya picha. Kanuni zake za mwaka 1982 zilishughulikia herufi tu, tena zile zitumikazo katika Kiingereza. Mwaka 1992 Nathaniel Borenstein na Ned Freed walitoa kanuni mpya iitwayo MIME, inayoruhusu barua moja kubeba sehemu nyingi: maneno, picha, sauti. Borenstein mwenyewe, tarehe 11 Machi mwaka huo, alituma picha ya kikundi chake cha waimbaji wanne. Lakini njia ya kusafiria ilibaki ile ile ya herufi, kwa hiyo picha hugeuzwa kuwa herufi kwanza: kila baiti 3 huwa herufi 4. Kila sehemu ya picha hupewa kitambulisho chake, na ndani ya maandishi huwekwa alama isemayo "hapa weka yenye kitambulisho hiki."

Hesabu hiyo ya 3 kuwa 4 ina maana kwa mfuko wa mfanyakazi. Picha ya megabaiti 3 inasafiri kama megabaiti 4. Ukiituma kwa wanachama 120, wakaifungua wote, jumla yao wamepakua megabaiti 480, na kila mmoja amelipia fungu lake. Picha hiyo hiyo ikipunguzwa hadi kilobaiti 150, inasafiri kama kilobaiti 200 hivi, na jumla inakuwa megabaiti 24. Ipunguze kabla ya kuitia. Kuivuta pembe ndani ya barua ili ionekane ndogo si dawa; mara nyingi uzito wake unabaki ule ule.

Sasa kosa kubwa zaidi, ambalo naliona kila wiki: tangazo zima la mkutano, saa na mahali, limeandikwa juu ya picha, na barua haina neno lingine hata moja. Mwanachama ambaye programu yake imezuia picha ataona kisanduku kitupu. Mwenzetu asiyeona, ambaye simu yake humsomea barua kwa sauti, hasikii kitu. Na anayetafuta baadaye kwa neno "mkutano" huenda asiipate barua hiyo. Saa, siku na mahali viandikwe kwa maneno. Pambo la picha lije baadaye, kama lazima lije.

Kuna jambo jingine ambalo viongozi wa matawi hawana budi kulijua. Si kila picha ionekanayo ndani ya barua imo ndani yake. Nyingine huwa mahali pengine, kwenye seva ya mtumaji, na barua hubeba anwani tu. Unapofungua barua, programu yako huenda kuichukua, na seva ile huandika: barua hii imefunguliwa, saa fulani. Picha yaweza kuwa nukta moja isiyoonekana kwa jicho. Tangu mwaka 2013 Gmail hupitisha picha hizo katika seva zake, hivyo mtumaji hapati anwani ya mtandao ya msomaji. Hata hivyo aweza bado kujua kwamba barua imefunguliwa. Asiyependa kuhesabiwa namna hiyo aingie katika mipangilio, achague kuulizwa kwanza kabla picha za nje hazijaonyeshwa. Nasi tukiwaandikia wanachama, tutie picha yenyewe ndani ya barua, tusiweke anwani yake.

Zoezi: andika barua ya mistari mitano juu ya hatari moja kazini kwako, ukitia picha moja chini ya mstari unaoihusu. Jitumie mwenyewe kwanza. Isome kwenye simu, kisha zuia picha uisome tena, na utazame kama mtu asiyeona picha ataelewa ni mashine ipi na iko wapi.