Diko Lilipoingia Baharini: Kukompaili Programu Huria Bila Kugombanisha Maktaba

"Kaka, diko limeingia baharini."

Ndivyo binamu yangu wa Kigombe alivyoniambia kwenye simu, na kwa sauti yake nilijua hatanii. Alikuwa akichora ramani ya kijiji kwa programu huria ya QGIS. Chini aliweka ramani ya zamani ya serikali ya kipimo cha 1:50,000, na juu yake nukta alizochukua kwa GPS akitembea kwa miguu: kisima, msikiti, diko wanaposhushia samaki. Jana yake kila kitu kilikaa mahali pake. Siku ile nukta ya diko ilikuwa majini, karibu mita 300 kutoka kwenye diko la ramani.

Kigombe iko wilayani Muheza, kwenye barabara ya pwani itokayo Tanga kwenda Pangani, na maji yaliyo mbele yake ni ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga, iliyoanzishwa mwaka 2009. Mahali kama hapo mita 300 si kosa la kufumbia macho. Zinaweza kumwonyesha mvuvi yuko ndani ya eneo lililofungwa ilhali yuko nje.

GPS haikuwa na kosa. Kosa lilitokana na programu nyingine kabisa, aliyokuwa ameikompaili usiku uliopita.

Kwenye Linux, programu nyingi hazibebi kila kitu zenyewe. Huazima kazi kutoka kwenye maktaba, yaani mafaili ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingi kwa pamoja. Kugeuza vipimo vya ramani ni kazi ya maktaba iitwayo PROJ, ambayo Gerald Evenden aliianza Marekani miaka ya 1980. Ramani za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya datumu, yaani msingi wa kupimia mahali, ya Arc 1960, na GPS hutumia WGS 84. Hapa pwani yetu hizo mbili zinapishana kwa takriban mita 300, na PROJ ndiyo inayosawazisha. Binamu yangu alikuwa amezihifadhi nukta zake kwa mfumo wa tarakimu wa UTM, kanda ya 37 kusini, kwa hiyo PROJ iliponyamaza, ramani na nukta zilichorwa kila moja kwa tarakimu zake, bila mtu wa kuzipatanisha.

Kwa nini ilinyamaza? Kompyuta yake ina Ubuntu 22.04, inayokuja na PROJ 8.2.1. Programu ndogo aliyoitaka iliandikwa zamani na hupatikana kwa msimbo wake tu. Alipoikompaili ikakwama: `proj_api.h: No such file or directory`. Faili hilo ndilo lililokuwa mlango wa PROJ ya zamani. Toleo la 6, la mwaka 2019, lilianza kuufunga. Toleo la 8, la mwaka 2021, likauondoa kabisa. Akashauriwa asakinishe PROJ 7 chini ya `/usr/local`, kisha aandike `PROJ_LIB` kwenye `.profile` ielekee huko. Programu ikakubali. Lakini tangu hapo kila programu ya ramani kwenye kompyuta ile, QGIS ikiwemo, ilipoamka ilipelekwa kwenye hifadhidata ya PROJ 7, faili liitwalo `proj.db`, ambalo PROJ 8 hailitambui. Nilimwambia aifungue QGIS kutoka kwenye terminali anisomee maandishi yanayopita. Katikati yake palikuwa na maneno haya: `It comes from another PROJ installation`. Mfumo ulikuwa umeshasema ugonjwa wake. Hakuna aliyekuwa akisoma.

Ndiyo maana namwomba kila anayekompaili asome kosa la kwanza kabisa, si la mwisho. Makosa hamsini yanayofuata mara nyingi ni watoto wa lile la kwanza.

Kisha uulize kompyuta inaona nini. `pkg-config --modversion proj` itakupa toleo litakalotumika kukompaili. `ldd` ikifuatwa na jina la programu itakuonyesha maktaba inayoitwa wakati wa kufanya kazi, pamoja na folda yake. Majibu ya amri hizo mbili yakipishana, umempata mgomvi. Angalia na tarakimu iliyo mwishoni mwa jina: `libproj.so.19` ni ya PROJ 7, `libproj.so.22` ni ya PROJ 8. Tarakimu hiyo hubadilishwa pale maktaba mpya isipoweza kushika nafasi ya ile ya zamani. Kwa hiyo usikubali ushauri wa kutengeneza kiungo kwa `ln -s` ili ya 22 ijifanye ni ya 19. Programu inaweza kufunguka, na hata kutoa majibu, na majibu yenyewe yakawa ya uongo. Kwangu hilo ni baya kuliko programu kukataa kabisa kufunguka.

Kama kosa linasema faili la `.h` halipo na toleo ni sahihi, huenda unakosa tu kifurushi chenye `-dev` mwishoni mwa jina, kama `libproj-dev`. Kabla ya kuteketeza bando, jaribu `apt-get -s install`. Herufi hiyo `-s` huonyesha kitakachosakinishwa na kitakachoondolewa bila kugusa chochote. Ukiona inataka kuiondoa QGIS, simama hapo hapo.

Dawa ya binamu yangu ilikuwa kuzitenga maktaba mbili, kila moja na chumba chake. Tulianza kwa kufuta mstari wa `PROJ_LIB` kwenye `.profile`. Kwenye folda ya msimbo wa PROJ 7 akaingiza `sudo make uninstall`, kisha `make distclean`. Akatoka kwenye akaunti na kuingia tena, na QGIS ikapona. Baada ya hapo akaijenga PROJ 7 upya kwa `./configure --prefix=$HOME/proj7`, na `make install` bila `sudo`, ili isiweze kufika kwenye folda za mfumo hata kwa bahati mbaya. Ile programu ndogo akaikompaili akitanguliza `PKG_CONFIG_PATH=$HOME/proj7/lib/pkgconfig`, akaongeza `-DACCEPT_USE_OF_DEPRECATED_PROJ_API_H=1`, kwa kuwa PROJ 6 na 7 hazifungui mlango ule wa zamani mpaka uombe, na mwisho `-Wl,-rpath,$HOME/proj7/lib`. Hiyo `rpath` huandika anwani ya maktaba ndani ya programu yenyewe, isihitaji kutangaziwa kompyuta nzima. Anayetumia CMake aelekeze `CMAKE_PREFIX_PATH` kwenye `$HOME/proj7`, na kabla ya kurudia afute `CMakeCache.txt`, kwa sababu faili hilo hukumbuka njia ya zamani hata baada ya wewe kuisahau.

Jambo moja zaidi, na hili ni la hatari. Kosa likitaja `GLIBC` na toleo lisilopatikana, usijaribu kuibadilisha glibc ya mfumo. Karibu kila amri, pamoja na `ls` yenyewe, inaitegemea. Kompaili programu hiyo kwenye mashine yako mwenyewe badala ya kuchukua iliyojengwa kwenye mfumo mpya zaidi.

Tulimaliza kwa kipimo ambacho yeyote mwenye ramani za Arc 1960 anaweza kukifanya. Aliendesha `cs2cs EPSG:32737 EPSG:21037`, akaandika tarakimu za diko, mashariki kwanza kisha kaskazini. PROJ ikiwa nzima, tarakimu ya kaskazini huongezeka kwa takriban 300 na ya mashariki hupungua kwa karibu 100. Zikirudi vilevile, hakuna kilichogeuzwa. Zake zilirudi zimebadilika. Akafungua QGIS, akakaa kimya kidogo, kisha akaniambia nukta imepanda nchi kavu, pale pale ngalawa zinapovutwa.